Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya ardhi na utumishi: mkichukua mfumo India, chukueni na somo la mtumishi aliyeujenga

Waheshimiwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, Waziri wa Nchi Ofisi ya Rais mwenye dhamana ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora, na Waziri mwenye dhamana ya TAMISEMI,

Nawasalimu kwa jina la Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Naomba mhusike na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni msaidizi wa kisheria. Kazi yangu ya kila siku ni kukaa na wananchi wenye mashauri ya ardhi: kuwasomea barua walizopokea, kuwaandikia maelezo, kuwasindikiza kwenye baraza la kata na kusimama nao kwenye dirisha la ofisi ya ardhi. Siandiki kama mtaalamu wa kompyuta. Naandika kama mtu anayeona kinachotokea pale ambapo mwananchi na daftari la serikali vinakutana.

Oktoba 2023, Mheshimiwa Rais alipofanya ziara ya kitaifa New Delhi, nchi yetu na India zilitia saini hati ya makubaliano ya kushirikishana mifumo ya kidijitali ambayo India imeshaitumia kwa umma mkubwa. Mwaka huohuo tawi la Taasisi ya Teknolojia ya India ya Madras lilifunguliwa Zanzibar. Mlango uko wazi, na nafurahi kwamba uko wazi. Ombi langu ni kwamba kabla hamjasaini mkataba wa mfumo wowote wa ardhi, mtenge muda wa kuisoma kazi ya mtumishi mmoja wa umma anayeitwa Rajeev Chawla, na msome hasa mambo ambayo hayamo kwenye vipeperushi vya mauzo.

Chawla aliingia Utumishi wa Utawala wa India mwaka 1987 na kupangiwa jimbo la Karnataka, ambalo makao yake makuu ni Bangalore. Wakati huo rekodi za mashamba za jimbo lote zilikuwa mikononi mwa makarani wa ardhi wa vijiji wapatao 9,000, kila mmoja akishika vijiji vitatu au vinne. Daftari lilikuwa la karani. Alilibeba, alilifungia nyumbani, alilifungua alipotaka. Mkulima aliyehitaji nakala ya rekodi ya shamba lake ili akope benki kwa ajili ya msimu, au amdhamini ndugu yake mahakamani, alisubiri kuanzia siku tatu hadi mwezi mzima, na alitoa rushwa ya kati ya rupia 100 na 2,000 kutegemea shida yake ilikuwa kubwa kiasi gani. Kubadilisha jina baada ya kununua au kurithi kulikuwa kugumu zaidi. Sheria ilitaka tangazo la siku 30 ili mwenye pingamizi ajitokeze, lakini kwa vitendo maombi yalilala mwaka mmoja, hata miwili.

Najua msomaji wa barua hii aliyewahi kufuatilia hati atasema hiyo ni Tanzania inaelezwa. Ndiyo maana naendelea.

Karnataka haikukosa kompyuta. Mwaka 1991 ilianza mradi wa majaribio wa kuingiza rekodi za ardhi kwenye kompyuta kwa fedha za serikali kuu, na kufika 1996 mradi huo ulikuwa umeidhinishwa kwa wilaya zote. Haukufika popote. Sababu yake ni ndogo kuitamka lakini ndiyo iliyoua kila kitu: kompyuta ziliwekwa makao makuu ya wilaya, ilhali mabadiliko ya umiliki yalikuwa yanaandikwa ngazi ya chini yake, kwenye taluk, ambayo tuichukulie kama tarafa kubwa yenye ofisi yake ya ardhi. Kilichoingizwa leo kilikuwa kimepitwa na wakati mwezi ujao, kwa sababu shamba limeuzwa, mzee amefariki, ndugu wamegawana, na habari hizo zimebaki kwenye daftari la karani. Fedha zilitumika, taarifa zilijazwa, na mkulima akaendelea kumfuata karani yuleyule.

Chawla alipokabidhiwa jambo hili katika Idara ya Mapato ya jimbo, chini ya Waziri Kiongozi S. M. Krishna, alianzia pale wenzake walipokwama. Mradi ukaitwa Bhoomi, yaani Ardhi. Kompyuta zikapelekwa kwenye ofisi 177 za taluk. Rekodi zipatazo milioni 20, za wakulima milioni 6.7, zikaingizwa. Ilipofika mwaka 2001 huduma ilikuwa imeanza kusimama: mkulima anafika kwenye kituo, analipa rupia 15, anaondoka na nakala yake iliyochapwa.

Sasa naomba mniruhusu nikae kidogo kwenye mambo manne aliyoyapanga, kwa sababu ndiyo yanayonifanya niandike.

Aliifuta nguvu ya kisheria ya daftari la mkono. Taluk ilipohamia kwenye mfumo, nakala iliyoandikwa kwa kalamu ilikoma kutambulika. Hapakuwa na mifumo miwili inayotembea sambamba, ule wa kompyuta kwa ajili ya wageni wanaotembelea ofisi na ule wa daftari kwa ajili ya kazi yenyewe. Mnafahamu vizuri, Waheshimiwa, ni ofisi ngapi zetu zina mfumo mpya na bado jibu la mwisho linatoka kwenye faili la kabatini.

Maombi ya kubadilisha umiliki yalipewa foleni ndani ya mfumo wenyewe. Lililoingia kwanza lilishughulikiwa kwanza, na ofisa hakuweza kuliruka ili afike kwa la rafiki yake. Mfumo ulitoa orodha ya maombi yaliyochelewa na siku zilizochelewa, na wakubwa waliiona. Rushwa ya ofisi ya ardhi, kwa sehemu kubwa, ni bei ya kurukishwa foleni. Foleni isiyorukika haina cha kuuza.

Ofisa aliyeidhinisha badiliko aliingia kwa alama ya kidole chake. Hakuweza kusema kesho kwamba nywila iliibwa au kwamba ni kijana wa mafunzo ndiye aliyebonyeza.

La nne ni dogo, nami nalipenda kuliko yote. Kwenye kituo kuliwekwa skrini ya pili iliyomwelekea mkulima. Karani anaandika, mkulima anaona kinachoandikwa: jina lake, ukubwa wa shamba, zao. Anayejua kusoma anasoma, asiyejua anakuja na mtoto wake.

Nimesimama na mama mmoja mjane kwenye dirisha la ofisi ya ardhi ya halmashauri moja ambayo sitaitaja. Alikuwa na barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakama ya mwanzo, cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, vyote ndani ya mfuko wa plastiki ulioviringwa mara mbili ili mvua isiingie. Ofisa kijana, mwenye adabu kabisa, aliandika jina la marehemu kwenye kompyuta, akatazama, akanyamaza, akaandika tena. Mama alikuwa anaona mgongo wa kompyuta na waya zake. Akaambiwa "mfumo haumtambui, njoo wiki ijayo." Huenda jina lilikosewa herufi moja. Huenda kiwanja kilikuwa kwa jina la mtu mwingine. Huenda hapakuwa na tatizo lolote. Mama hakuwa na njia ya kujua, wala mimi niliyesoma sheria zile mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, sikuwa nayo. Tulipotoka nje, kijana mmoja aliyekuwa amekaa kwenye pikipiki akamsogelea na kumwambia anamjua mtu wa ndani, atamsaidia, atoe kitu kidogo tu. Skrini ya pili ingegharimu kiasi gani? Haizidi bei ya televisheni ndogo ya dukani.

Mwaka 2002 kituo cha utafiti cha Public Affairs Centre cha Bangalore kiliwahoji watu waliotumia Bhoomi na waliotumia njia ya zamani. Kwa njia ya zamani, asilimia 66 walisema walitoa rushwa. Kwa Bhoomi, asilimia 3. Takwimu hizo zinahusu kupata nakala ya rekodi, na naziamini kwa kiwango hicho. Kubadilisha umiliki hakukunyooka vivyo hivyo, kwa sababu bado kuna ofisa anayepaswa kwenda shambani, kuuliza majirani na kuandika maoni yake, na penye maoni ya mtu mmoja pana mlango. Hata hivyo, kumpunguzia mkulima hata sehemu moja ya mzigo ule ni kazi ya maana, nami natamani ingefanyika Mvomero, Kilosa, Kiteto, na kila mahali ambapo mkulima na mfugaji wanapelekana mahakamani wakati rekodi ingeweza kuwaamua.

Sasa niseme kilichonisukuma kuwaandikia na ninyi wa Utumishi, maana jambo hili likiachwa kwa Wizara ya Ardhi peke yake halitatimia.

Watafiti wawili, Lakshmi Iyer na Anandi Mani, walipima muda ambao maofisa wa utumishi huo wa India hukaa kwenye nafasi moja. Wastani ni takribani miezi 16. Mwanasiasa asiyeweza kumfukuza ofisa humhamisha. Ashok Khemka wa jimbo la Haryana, aliyejulikana kwa msimamo wake kwenye masuala ya ardhi, alihamishwa zaidi ya mara 50 mpaka alipostaafu mwaka 2025. Kila uhamisho ulikuwa halali kwenye karatasi.

Katika utumishi wa namna hiyo, Chawla aliachwa afanye kazi. Alikaa na Bhoomi, kisha na serikali mtandao ya Karnataka, kwa miaka, si miezi. Alikuwepo wakati wa kuingiza taarifa, alikuwepo makosa yalipoanza kujitokeza, na alikuwepo makarani walipokasirika kwa kupoteza kipato chao cha pembeni. Ofisa anayejua kwamba baada ya mwaka mmoja atakuwa kwingine hana sababu ya kugombana na makarani 9,000. Atazindua, atapiga picha, ataondoka. Anayerithi kiti chake atakuta kazi ngumu isiyo na sherehe iliyobaki, naye atatafuta uzinduzi wake mwenyewe.

Matunda ya kukaa yalionekana baadaye kabisa. Kwa kuwa rekodi za ardhi zilikuwa hai, Karnataka iliweza kuzitumia kulipa fidia ya ukame moja kwa moja kwenye akaunti za wakulima, na Chawla huyohuyo akajenga juu yake sajili ya wakulima iitwayo FRUITS, ambayo idara mbalimbali huitazama badala ya kumdai mkulima nyaraka zilezile kila msimu. Serikali kuu ikamchukua kuwa mshauri kwenye Wizara ya Kilimo, New Delhi, kazi ikiwa ni kusaidia sajili ya namna hiyo kwa nchi nzima. Mtu mmoja, njia moja, tangu daftari la karani mpaka ruzuku ya mkulima. Wapo maofisa wetu wa ardhi wenye uwezo huo. Nawafahamu wachache, na wawili kati yao walihamishwa wakati kazi waliyoianza ikiwa imefika nusu. Aliyekuja baada ya mmoja wao alituambia hakukabidhiwa mafaili.

Nisingekuwa mkweli nikiwapa upande mzuri wa India peke yake.

Mwaka 2007 watafiti wa Bangalore wakiongozwa na Solomon Benjamin waliandika kwamba Bhoomi iliwasaidia zaidi wanunuzi wakubwa wa ardhi pembezoni mwa jiji. Zamani mwenye fedha aliyetaka mashamba alilazimika kwenda kijiji kwa kijiji, akutane na makarani na wazee, apingwe, ajadiliane. Rekodi zilipokusanywa taluk, mahali pakawa pamoja. Aliyeweza kumfikia mkubwa pale aliipata picha ya vijiji vyote. Naliona jambo hili kwa macho ya mtu wa Morogoro. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka masjala ya ardhi kijijini, na hati za hakimiliki ya kimila zinatunzwa huko, karibu na mkutano mkuu wa kijiji. Masjala nyingi ni duni, nakubali. Lakini mfumo utakaoinua rekodi hizo kwenda wilayani au Dodoma bila kumwachia mwanakijiji njia ya kuziona na kuzipinga, utakuwa umemnyang'anya ulinzi pekee alionao.

Upande wa pili wa tahadhari unahusu alama za vidole. India ilianzisha namba ya utambulisho ya Aadhaar mwaka 2009, na mtumishi aliyekuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa mamlaka yake ni Ram Sewak Sharma, ofisa wa kada ya jimbo la Jharkhand, ambaye baadaye alisimamia pia jukwaa la CoWIN la chanjo ya UVIKO. Ni kazi kubwa mno. Watu zaidi ya bilioni moja wana namba hiyo. Lakini ni Jharkhand hiyohiyo, Sharma akiwa ameshahamia majukumu mengine, ambako maduka ya chakula cha ruzuku yaliwekewa mashine za kusoma kidole. Uchunguzi wa Karthik Muralidharan na wenzake ulionyesha kwamba mashine hizo zenyewe hazikupunguza wizi wa chakula, huku kaya ambazo hazikuwa zimeunganisha kadi zao za chakula na namba ya Aadhaar zikipata pungufu ya haki yao. Kadi zilifutwa kwa maelezo kwamba ni hewa, na sehemu kubwa ya zilizofutwa zilikuwa za kaya halisi. Mwaka 2017, wilayani Simdega, binti wa miaka 11 alifariki dunia. Familia ilisema walikosa chakula cha ruzuku kwa miezi kwa sababu kadi yao haikuunganishwa. Serikali ya jimbo ilisema ni malaria. Mimi sina uwezo wa kuamua kati yao. Ninachojua ni kwamba kadi ya familia ile ilikuwa imefutwa.

Tunajua ladha ya hayo. Januari 2020, usajili wa laini za simu kwa kidole ulipofika mwisho, watu walikuwa bado wanasubiri namba za NIDA, na kuna wazee na wakulima ambao mashine ilikataa kusoma vidole vyao kwa sababu jembe limevilainisha. Kukosa laini ni usumbufu. Kukosa kutambulika kwenye shamba ulilolilima miaka 40 ni kitu kingine. Kwa hiyo kidole kiwe cha ofisa, kama alivyofanya Chawla, ili awajibike kwa alichoidhinisha. Kwa mwananchi pawe na njia nyingine ya wazi, iliyoandikwa kwenye kanuni na kubandikwa ukutani: mjumbe, mtendaji wa kijiji na majirani wa mipaka wamtambue, na ofisa asiwe na ruhusa ya kumrudisha nyumbani kwa sababu ya mashine.

Waheshimiwa, sikatai hatua zilizopigwa. Kulipa kodi ya pango la ardhi kwa kontrol namba kumewaondolea watu adha ya kushika fedha mkononi dirishani, na hilo nimelishuhudia. Ninachowaomba ni kwamba hatua inayofuata ianze na mambo haya yasiyo na sherehe. Rekodi zilizoingizwa zisomwe hadharani kwenye mkutano mkuu wa kijiji au wa mtaa kabla hazijafungwa, na kila mmoja apewe muda wa kupinga. Baada ya hapo daftari la zamani likome kutumika, kwa tarehe iliyotangazwa. Foleni ya maombi ionekane na mwombaji kwa namba yake, hata kwa simu ya kitochi. Pawe na skrini ya pili kila dirisha. Na vijana mtakaowapeleka India kujifunza wapelekwe Karnataka, wakae kwenye ofisi za taluk wazungumze na makarani na wakulima, kisha wapelekwe Jharkhand wakazungumze na waliofutiwa kadi.

Juu ya yote hayo, Waziri mwenye dhamana ya Utumishi, nakuomba wewe binafsi utoe waraka unaolinda nafasi ya ofisa atakayekabidhiwa kazi hii kwa kipindi kisichopungua miaka mitano, asihamishwe ila kwa sababu iliyoandikwa na kuwekwa wazi, na akihamishwa makabidhiano yake yakaguliwe. Vivyo hivyo kwa maofisa ardhi wa wilaya zitakazoanza.

Naomba jibu la maandishi kwa swali hili kwanza: ni nani atakayekabidhiwa, kwa muda gani, na kwa mamlaka gani juu ya masjala za halmashauri. Jina lake lipatikane kabla ya jina la kampuni itakayoleta mfumo.

Nawasilisha kwa heshima.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria, Morogoro